Jua lasifiwa, hewa yabeba mzigo

Saa moja asubuhi kule Luanda K'Otieno, kando ya Ziwa Victoria, kabla feri ya kwenda Mbita haijapiga honi, ufuo umeshageuka rangi. Nyavu kuukuu zimetandazwa juu ya nyasi na mchanga, na juu yake akina mama wanamwaga samaki wadogo waitwao omena, karai baada ya karai, kisha wanawasambaza kwa viganja mpaka hakuna anayemlalia mwenzake. Kwa muda mfupi ufuo mzima unametameta kama bati jipya. Jua likipanda, mng'ao unafifia. Kufikia mchana wamekuwa na rangi ya majivu, na mama mmoja anainama, anachota kiganja kimoja, anakitikisa karibu na sikio. Omena mbichi hana sauti. Aliyekauka hulia, mlio mwembamba kama wa punje za mahindi ndani ya mkebe. Mlio huo ndio unaoamua kama gunia litafungwa leo au kesho.

Kifaa cha kupimia unyevu hakipo, na hakuna anayekiulizia. Lakini anachofanya mama huyu kina vitabu vyake, makongamano yake na maprofesa wake. Wahandisi wa kemikali wamekitafiti kwa zaidi ya miaka 100. Wanakiita ukaushaji, na ni moja ya kazi zinazokula nishati nyingi zaidi viwandani.

Ukimuuliza mtu yeyote ufuoni ni nini kinachokausha omena, atanyoosha kidole juu: jua. Jibu hilo ni nusu ya ukweli.

Tuanze na hesabu. Chukua kilo 100 za omena wabichi. Robo tatu ya uzito huo, yaani kilo 75 hivi, ni maji. Ili wabaki na unyevu wa asilimia 10, lazima kilo 72 za maji ziondoke, na kinachotiwa guniani ni kilo 28 tu. Kila kilo ya maji hula takriban megajuli 2.4 za joto kabla haijageuka mvuke. Mzigo huo mmoja basi unadai megajuli 173 hivi, sawa na joto la kilo 11 za kuni kavu kama hakuna hata chembe inayopotea. Aliyewahi kukoka moto wa mafiga matatu anajua ni kiasi gani hupotea.

Joto hilo jua hulitoa bure, na kwa hilo linastahili shukrani. Ila mvuke ukishatoka kwenye ngozi ya samaki hauna pa kwenda mpaka hewa iuchukue, na hewa nayo ina tumbo. Ikishiba, haili tena. Alfajiri hewa ya ziwani huwa imeshiba tayari, ndiyo maana omena walioanikwa saa moja huonekana hawajaguswa mpaka jua lisogee. Hewa yenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 45 bila kuiongezea tone la maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 26 hivi. Hewa ni ileile. Njaa ndiyo mpya. Ukiongezea upepo wa mchana unaoingia bara kutoka ziwani, hewa iliyoshiba inasukumwa kando na yenye njaa inachukua nafasi yake. Siku yenye jua kali lakini hewa imetulia tuli inaweza kukausha vibaya kuliko siku ya mawingu mepesi yenye upepo.

Kisha kuna alasiri. Dalili ya mvua ni mawingu, na kando ya Ziwa Victoria mawingu hayo hayapigi hodi. Kiswahili kina neno la kutandaza vitu juani, kuanika, na kina neno jingine la kuviokota kabla havijalowa, kuanua. Lugha iliyohitaji neno la pili ni lugha ya watu waliowahi kunyeshewa. Omena aliyelowa akiwa nusu mkavu huanza kunuka, mafuta yake huchacha, nzi hutaga mayai, na mwisho wake ni kuuzwa kwa bei ya chini ili asagwe kuwa chakula cha kuku. Kenya hufunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, na mashua zikirudi majini Agosti, mvua za vuli haziko mbali.

Omena wataalamu humwita Rastrineobola argentea. Mwanza ni dagaa, Uganda ni mukene. Huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kwa kuwa ni mdogo kuliko kidole, watu hudhani kumkausha ni jambo dogo.

Wahandisi hawakuuchukulia ukaushaji hivyo. Mwaka 1921, Warren K. Lewis wa chuo cha MIT, Marekani, aliandika kuhusu kasi ya kukauka kwa vitu vigumu. Mwanafunzi wake, Thomas Sherwood, akaanza mwaka 1929 kuchapisha mfululizo wa makala uliozigawanya hatua za ukaushaji kwa namna inayofundishwa hadi leo. Katika hatua ya kwanza, kitu kikiwa bado kimelowa ngozini, hukauka kama shati kwenye kamba, na kasi yake huamuliwa na hewa. Hatua ya pili huanza ngozi ikishakauka, maji yaliyobaki ndani yakilazimika kusafiri kutoka kiini hadi juu. Hapo hata ukileta kimbunga hakisaidii sana, maana kizuizi kimo ndani ya nyama yenyewe.

Na safari hiyo ya ndani ina kanuni yake: muda hukua kwa mraba wa unene. Ukipunguza unene nusu, muda hushuka hadi robo. Wajaluo hawakungoja mlingano huo uandikwe. Ngege, yaani tilapia, anayetayarishwa kuwa obambla, samaki mkavu, hupasuliwa mgongoni, akafunuliwa kama kitabu, ndipo akaanikwa. Kisu kinafanya kazi ambayo hakuna moto ungeifanya. Obambla huyohuyo huingizwa ndani usiku, na wakati amelala, maji ya kiini husogea polepole hadi ngozini, tayari kwa jua la kesho. Maabara za ukaushaji zina jina la mtindo huo: ukaushaji wa vipindi, joto likitolewa na kukatizwa kwa zamu ili chakula kisiungue nje huku ndani kingali kibichi.

Mmoja wa waliousukuma mtindo huo mbele ni Arun Mujumdar, na maisha yake ya kazi yanafaa kusimuliwa hapa ufuoni. Alizaliwa India, akasoma uhandisi wa kemikali Bombay, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, na kufundisha hukohuko. Kanada ni nchi ya misitu na karatasi, na utafiti wake wa miaka hiyo uligusa sana ukaushaji wa karatasi. Alichokiona ni kwamba elimu ya kukausha ilikuwa mtoto wa nyumba nyingi asiyejua alale wapi. Wahandisi wa kilimo walikausha nafaka, watu wa viwanda vya mbao walikausha mbao, wafamasia walikausha dawa, wataalamu wa chakula walikausha maziwa, na kila mmoja alisoma jarida la idara yake bila kujua kwamba jirani ana ugonjwa uleule na huenda ameshapata dawa.

Mwaka 1978 aliwakusanya McGill kwa kongamano la kwanza la kimataifa la ukaushaji. Limeendelea tangu hapo kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, likihama nchi hadi nchi. Mwaka 1987 likatoka toleo la kwanza la kitabu kikubwa cha ukaushaji wa viwandani alichokihariri, na kwa miaka mingi akawa mhariri mkuu wa jarida la Drying Technology. Mwaka 2000 alihamia Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, karibu na watafiti wa Thailand, Malaysia na China ambao tatizo lao halikuwa karatasi bali matunda, mboga na mpunga wa nchi zenye joto na unyevunyevu kama zetu.

Ukitafuta mashine moja yenye jina lake, utatafuta sana. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba: makala za wengine, maswali ya wanafunzi, matokeo ya maabara moja kuyapeleka kwenye maabara nyingine. Wahandisi wengi wa ukaushaji duniani walifunzwa naye, au walifunzwa na aliyefunzwa naye, au angalau makala yao ya kwanza ilipita mikononi mwake.

Sasa toka Kisumu kwa barabara ya Kericho. Ukifika Ahero utaona mpunga wa skimu za Kano umeanikwa juu ya maturubai, watu wakiugeuza kwa miguu. Endelea kupanda. Katika viwanda vya chai huko juu, majani yaliyochachuliwa huingizwa kwenye kikaushio chenye sakafu ya matundu madogo. Feni zinasukuma hewa moto kutoka chini kwa nguvu mpaka majani yanaelea na kutokota kama uji, na baada ya dakika chache yanatoka upande wa pili yakiwa na unyevu wa asilimia 3 hivi. Boila za kuni zinawaka, vipimajoto vinasomwa. Hakuna anayetazama mawingu.

Kwa hiyo tusiseme elimu haijafika kwetu. Imefika, ila imepanda mlima na kuliacha ziwa chini. Chai ina kiwanda, ina mnada Mombasa, ina mwonjaji anayeikataa au kuipandisha bei kwa ladha yake. Omena huuzwa kwa gorogoro, na gorogoro haiulizi kitu. Aliyeanika kwa usafi na aliyeanika kwenye mavumbi wanajaza mkebe uleule. Haba na haba hujaza kibaba, na mchanga nao ni haba.

Gharama ya kupuuza ukaushaji tumewahi kuilipa nchini kwa uhai wa watu. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake yaliota kuvu wa sumu ya aflatoksini. Wagonjwa 317 walirekodiwa, 125 kati yao wakafariki. Mahindi hutakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuingia ghalani.

Wapo wanaoona tiba ya omena ni rahisi: jenga kibanda cha karatasi ya nailoni, jua liingie, mvua ibaki nje. Wazo ni zuri, lakini lina mitego ambayo mwanafunzi wa uhandisi angeigundua kwa kalamu kabla seremala hajapiga msumari. Kibanda kisicho na njia ya kutolea hewa hupata joto kali huku hewa yake imeshiba, na samaki hupikika badala ya kukauka. Halafu kuna ukubwa. Jua la ukanda huu hutoa megajuli 20 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kikaushio kinachonufaika na robo ya hizo kitahitaji mita 35 za mraba ili kukausha kwa siku moja zile kilo 100 tulizoanza nazo, zaidi ya nusu ya darasa la shule ya msingi. Mashua zikitia nanga kwa pamoja zikiwa zimejaa, ungehitaji shule nzima.

Kinachofaa kuanza nacho ni cha bei nafuu zaidi: kichanja. Miti minne, fito, na wavu uliovutwa ukakaza usawa wa kiuno. Samaki akilala hapo, hewa humpitia juu na chini; akilala mchangani, upande mmoja umezibwa na ardhi, na ardhi yenyewe ina unyevu. Baadaye inaweza kuja feni ndogo ya paneli ya sola, kisha tanuri la akiba kwa siku za mawingu. Lakini kila hatua inahitaji mtu wa kuipima.

Watu hao hawako mbali. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kina idara ya uhandisi wa kemikali. Maseno iko juu kidogo ya Kisumu, chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo Kisumu. Wakati mwingine kweli kwenye miti hakuna wajenzi, lakini hapa wajenzi wapo na miti ipo. Kinachohitajika kwa somo la kwanza ni mizani, saa na daftari. Mwanafunzi apime sinia moja ya omena kwenye kichanja na nyingine mchangani, kila saa, tangu asubuhi hadi jioni, kisha achore mstari. Hapo atakuwa amefanya jaribio la ukoo mmoja na yale ya Sherwood, na atajua ni saa ngapi hasa mlio ule wa sikioni huanza kusikika. Mama mwenye sikio hilo naye ataona kwamba alichokuwa akikisikia miaka yote kina namba.

Wiki iliyopita nilinunua gorogoro moja ya omena sokoni Kibuye. Nyumbani niliwamwagia maji moto, nikawakoroga, nikawaopoa, nikarudia tena, kama tulivyofundishwa utotoni. Nilipomimina maji ya mwisho polepole, chini ya sufuria kulikuwa na mchanga wa kujaa kijiko, nilioulipia kwa bei ya omena. Ni kumbukumbu ya ardhi waliyolazwa. Hewa ingewakausha isiache kitu.