Muuzaji wa nyumba aandike anachokijua

Katika miji yetu kuna kuta zilizoandikwa kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenye nyumba kahofia matapeli, akaamua kutangaza mwenyewe. Nyumba inayouzwa kweli haina tangazo la wazi namna hiyo. Mengi yanayoihusu yako mdomoni mwa dalali, na dalali hulipwa pale biashara inapokamilika.

Hali hii inaiumiza zaidi Kisesa wilayani Magu, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Mashamba ya familia yanakatwa viwanja, na watu wa mjini wanakuja kununua, wengi kwa mkopo au kiinua mgongo. Mauziano mengi huishia kwenye karatasi moja: mimi fulani nimemuuzia fulani nyumba ya vyumba vinne, mashariki inapakana na fulani, magharibi na njia, mbele ya mashahidi wafuatao. Sahihi, dole gumba, muhuri wa ofisi ya kijiji. Mipaka imetajwa yote minne. Mke hakutajwa, wala ndugu waliorithi pamoja na muuzaji, makaburi ya wazee nyuma ya choo, au deni la benki.

Sheria zetu hazina fomu inayomlazimu muuzaji kueleza hayo. Sheria ya Mikataba inasema kunyamaza tu si ulaghai, isipokuwa pale mtu anapowajibika kusema. Kuficha kwa makusudi ndiko ulaghai. Chukua mfano wa barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyowekewa X nyekundu hubomolewa bila fidia. Ya kijani hulipwa. Muuzaji akiifuta X kwa kopo la rangi ndipo akuuzie, amekulaghai. Kama haikuwahi kuchorwa naye akanyamaza tu, utaulizwa kwa nini hukupima mwenyewe.

Kwa wanandoa sheria imekwenda mbali zaidi, na hapa ndipo penye mfano wa kuigwa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inamtaka mnunuzi amuulize muuzaji kama ridhaa hiyo ipo. Muuzaji akidanganya, mwenzi ambaye hakuridhia anaweza kuomba mauzo yatenguliwe. Yaani swali ni wajibu, na jibu lina uzito kisheria. Sioni kwa nini utaratibu huo uishie kwa mke na mume. Uelekezwe pia kwenye mirathi, madeni, kesi, njia za maji ya mvua na hifadhi ya barabara.

Uskoti ilishaanza. Tangu Desemba 2008 nyumba nyingi haziingii sokoni bila ripoti yenye ukaguzi wa mtaalamu na maswali ambayo muuzaji anayajibu kwa maandishi: imewahi kuharibiwa na mafuriko? Imeongezwa vyumba? Hapa hatuhitaji gharama za namna hiyo. Ukurasa mmoja wa maswali, uliosainiwa mbele ya wakili kabla ya malipo ya kwanza, ungewaokoa wengi, na Wizara ya Ardhi inaweza kuuandaa na kuusambaza hadi ofisi za vijiji.

Anayenunua mwezi huu asisubiri wizara. Aandike maswali yake, muuzaji ajibu na kusaini. Nyumba ikiwa na hati, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ikiwa ya urithi, adai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Azungumze na majirani wa pande zote nne bila dalali kuwepo. Na asimalize kulipa kabla muuzaji hajalipa kodi ya faida ya mauzo TRA, kwa sababu bila uthibitisho wa kodi hiyo hati haihamishwi, na muuzaji aliyekwisha kupokea fedha zote hana haraka tena ya kwenda ofisi yoyote.