Sekunde 52 za Riyadh

Mwaka 1961 gazeti la New York Times liliandika kwamba mjini Jeddah ni mashirika ya ndege tu yaliyofuata saa za kimataifa. Wenyeji wengi walitazama jua: likichomoza, mshale unawekwa kwenye 6, au kwenye 12 kwa hesabu ya Kiarabu. Sisi tunaosema saa moja asubuhi huku mshale umekaa kwenye 7 hatuna cha kushangaa.

Kompyuta ndiyo iliyotatizika. Hifadhidata ya majira ya dunia, ile inayotegemewa na simu zetu, inasema Riyadh ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 3, dakika 6 na sekunde 52 hadi Machi 14, 1947, ndipo ikawa saa 3 kamili. Sekunde hizo 52 ziliishinda Python, lugha ya kuandikia programu. Lugha hiyo ilikubali tofauti za dakika nzima tu. Ulipoipa yenye sekunde, ilikurudishia kosa. Maktaba ya nje ya pytz, iliyoipa Python majira ya dunia, ikakwepa kwa kuandika 3:07.

Toleo la 3.7 la Python, mwaka 2018, liliondoa sharti hilo. Februari 2020 mwanaprogramu Paul Ganssle akaandika pendekezo namba 615: Python iweze yenyewe kuisoma hifadhidata ya majira, mtu asihangaike na maktaba kama pytz. Pendekezo la Python si ombi la mistari miwili. Mwandishi hueleza haja, programu za zamani zitaathirikaje, na njia alizozikataa pamoja na sababu zake. La Ganssle lilipita, likatoka na toleo la 3.9 Oktoba mwaka huohuo. Leo ukiiuliza Python saa ya Riyadh ya 1940, inakupa hata zile sekunde.

Na saa ya jua lenyewe, inayobadilika kila siku? Hifadhidata iliwahi kubeba faili za namna hiyo za Riyadh, za 1987 hadi 1989. Ziliondolewa 2013, zikiwa zimethibitisha tu ugumu wa kazi yenyewe. Kwa maoni yangu, asitokee wa kuipendekezea Python mzigo huo.

Jeddah je? Iko karibu longitudo moja na Dar es Salaam. Jua la utosi huifikia takriban nusu saa baada ya Riyadh. Lakini andika "Asia/Jeddah", na Python itakujibu kwamba eneo hilo halipo.