Irabu Mbili Zisizo na Kitufe

Mwalimu anayeandaa mtihani wa Kigikuyu, Kikamba au Kimeru kwa tarakilishi hukwama kabla hajaimaliza sentensi ya kwanza. Lugha hizo zina irabu saba, ilhali kibodi aliyowekewa ina tano. Mbili zilizosalia, ĩ na ũ, hazina kitufe. Wapo walimu ambao huchapisha karatasi kwanza kisha wakatia viwimbi kwa kalamu, nakala baada ya nakala. Wapo pia wanaoviacha kabisa, wakitumaini kwamba mwanafunzi ataelewa kilichokusudiwa.

Kiwimbi hicho si pambo, ndugu msomaji. Katika Kireno huonyesha sauti ya puani, lakini katika Kigikuyu huashiria irabu nyingine kabisa: ĩ hukaa baina ya "i" na "e", nayo ũ baina ya "u" na "o". Gũtũma ni kutuma. Gũtuma ni kushona. Viwimbi vikiondolewa, vitenzi hivyo huandikwa sawasawa, na mtoto wa gredi ya pili, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, hana njia ya kujua iwapo mama alizituma nguo au alizishona.

Mpangilio wa QWERTY ulitoka Marekani, katika taipureta ya Christopher Latham Sholes, aliyepewa hataza mwaka 1878. Ulikusudiwa Kiingereza. Wafaransa waliupangua wakapata AZERTY, Wajerumani wakapata QWERTZ, na hakuna aliyewaona wakaidi. Sisi tumeupokea kana kwamba ulishushwa kutoka mbinguni.

Miaka ya nyuma kulikuwa na udhuru. Aliyetaka ĩ alilazimika kubadilisha maumbo ya herufi ndani ya fonti, na hati yake ikifunguliwa katika mashine nyingine ilisomeka kama maneno ya mlevi. Mfumo wa Unikodi, uliotolewa mwaka 1991, uliondoa udhuru huo: ĩ ndogo ina msimbo wake, 0129, na ũ ndogo 0169. Kilichobaki ni kukipatia kidole njia ya kuzifikia. Programu kama Keyman, isiyolipiwa, humwezesha mtu kupanga vitufe vyake apendavyo.

Lakini apange vipi? Wengine hupendekeza nafasi za Q na X, kwa kuwa Kigikuyu hakizihitaji, wala Kiswahili sanifu. Pendekezo hilo linavutia mpaka mwalimu yule yule aandike ripoti ya Kiingereza saa moja baadaye. Mkenya msomi huandika lugha tatu kwa siku moja, pengine katika ukurasa mmoja. Njia nyingine ni kukibonyeza kiwimbi kwanza, kisha herufi. Mpangilio wa kimataifa wa Marekani katika Windows hufanya hivyo, ila kiwimbi chake hukubali ã, ñ na õ tu. Mimi naiunga mkono njia ya tatu: kitufe cha Alt cha kulia kishikwe pamoja na I au U. Hakuna herufi inayohamishwa, na vidole husahihisha mazoea yao kwa siku chache.

Kiswahili nacho kina shida yake katika ng'. Kuna anayeandika kwa alama iliyonyooka, na kuna ambaye programu humpindia alama hiyo bila kumwuliza. Kisha anayetafuta "ng'ombe" katika hati ndefu hupata nusu ya kundi. Tena jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwaka 2025, linahitaji alama zote tatu, na ni magazeti machache mno yaliyowahi kuliandika jinsi alivyoliandika mwenyewe.

Hata hivyo, kila mwalimu akijitengenezea mpangilio wake, tarakilishi za shule zinazotumiwa na watu thelathini zitageuka soko la vurugu. Panahitajika mpangilio mmoja. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali iendeleze ukuzaji na matumizi ya lugha za kiasili. Wizara ya Elimu na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala zinaweza kuwaita wanaisimu na walimu, kuafikiana nao, na kuusambaza mpangilio huo katika vyuo vya walimu. Na kila zabuni ya kununua tarakilishi za shule iutaje kwa jina, pamoja na alama hizo kuchapwa juu ya vitufe vyenyewe.