NYUMBA YA MTOTO
Viungo vya ndani vya mama, na kazi yao



Ukikuja kliniki na mimba, tunakupima kilo, tunagusa tumbo lako, tunasikiliza moyo wa mtoto. Wengi kati yenu mnanyamaza tu. Tukiuliza mtoto analala fasi gani, mnajibu: «Iko mu tumbo.» Ni kweli, lakini tumbo ni kubwa. Ndani yake kuna fasi ya chakula, kuna fasi ya mkojo, kuna fasi ya mtoto, na hizi zote haziko fasi moja.

Usione haya kusoma karatasi hii. Mungu hakuona haya kuumba viungo hivi. Mama asiyevijua anaweza kudanganywa, anaweza kufukuzwa nyumbani bila kosa, anaweza hata kufa kwa sababu alichelewa. Soma, kisha umsomee mwenzako asiyejua kusoma.

1. NJIA NA MLANGO

Kwanza kuna njia ya uzazi. Ni hapo mume anapita, ni hapo damu ya mwezi inatokea, na ni hapo mtoto anapita siku ya kuzaliwa. Urefu wake ni sentimeta 7 mpaka 10, na inaweza kutanuka sana. Njia hii inajisafisha yenyewe. Maji kidogo meupe yasiyonuka na yasiyowasha si ugonjwa. Kunawa inje na maji safi inatosha. Usiingize sabuni, wala majani, wala unga wa kukausha. Vitu hivi vinaleta vidonda, na ugonjwa unapita katika vidonda.

Mwisho wa njia kuna mlango mdogo, ndio shingo ya kizazi. Kila siku mlango huu umefungwa, umebaki na tundu ndogo tu ya kupitisha damu. Wakati wa mimba unazibwa na ute mzito, ili uchafu usimfikie mtoto. Siku ya kuzaa unafunguka pole pole mpaka sentimeta 10. Ndiyo maana mkunga anakupima na vidole na kukuambia: «Mama, bado. Usisukume.» Hakutesi. Anangoja mlango ufunguke.

2. KIZAZI

Nyuma ya mlango kuna kizazi, ndiyo nyumba ya mtoto. Kama huna mimba, kizazi ni kidogo kama avoka changa, upande mwembamba ukiangalia chini. Urefu wake ni sentimeta 7 au 8. Mbele yake kuna kifuko cha mkojo, nyuma yake kuna utumbo wa choo. Ndiyo maana mwenye mimba anakwenda kukojoa mara nyingi: nyumba inakua na kumbana jirani yake.

Kizazi ni nyama yenye nguvu. Kinatanuka mpaka kimchukue mtoto wa kilo 3 au zaidi, pamoja na maji yake na kondo la nyuma. Ile nyama ndiyo inakaza na kulegea wakati wa uchungu.

Sasa ujue jambo moja la hatari. Uchungu ukidumu siku moja na usiku, kichwa cha mtoto kinabana kifuko cha mkojo juu ya mfupa. Nyama inakufa, inatoboka, na kisha mama anavuja mkojo bila kuweza kuuzuia. Hii ni fistula. Si laana, wala si malipo ya uzinzi. Inaweza kushonwa. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999, inafanya kazi hii, na HEAL Africa kule Goma vilevile. Lakini ni vizuri zaidi kuizuia: kama uchungu unapitisha siku bila mtoto kutoka, usibaki nyumbani.

3. MIRIJA NA VIFUKO VYA MAYAI

Juu ya kizazi, kuume na kushoto, kunatoka mirija miwili, kama tiyo nyembamba. Urefu wa kila mrija ni sentimeta 10 hivi, lakini tundu la ndani ni dogo sana. Mwisho wake una vidole vidole vya kupokea yai.

Karibu na vidole vile kuna vifuko viwili vya mayai. Kila kimoja ni kidogo, kama karanga yenye ganda lake. Mtoto mwanamke anazaliwa na mayai yake yote tayari. Wakati wa kuvunja ungo yanabaki zaidi ya 300 000, lakini katika maisha yake yote yatakayokomaa na kutoka ni kama 400 tu.

4. DAMU YA MWEZI INATOKA WAPI?

Kila mwezi yai moja linakomaa na kutoka. Wakati huo kizazi kinatandika kitanda laini ndani yake, kama mama anayemngojea mgeni. Mgeni asipofika, kitanda kinatolewa. Ile ndiyo damu ya mwezi. Si damu chafu, wala si ugonjwa. Kwa kawaida ni kama vijiko 2 au 3 vya supu kwa siku zote pamoja. Ikipita sana, vitambaa vinajaa kila saa, ama inadumu zaidi ya siku 8, njoo tukupime. Kula pia sombe, lengalenga, maharagi na samaki, ili mwili upate nguvu ya kutengeneza damu mpya.

Hesabu tangu siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa wengi ni siku 28, lakini toka 21 mpaka 35 si ugonjwa. Yai linatoka karibu siku 14 mbele ya damu inayofuata. Lenyewe linaishi siku moja tu, lakini mbegu za mume zinaweza kuishi ndani ya mama mpaka siku 5.

5. MIMBA INAANZA NAMNA GANI?

Mbegu za mume zinapita mlangoni, zinapita kizazini, zinapanda katika mrija. Huko moja inakutana na yai. Yai linasafiri siku 3 au 4 kurudi kizazini, kisha linajishika juu ya kile kitanda laini. Basi mimba imekaa.

Lakini kama mrija una kovu, yai linakwama njiani. Mimba inaanza kukua ndani ya tiyo ile nyembamba, na kisha majuma machache mrija unapasuka. Damu inamwagika ndani ya tumbo, na kwa inje huoni kitu, ama unaona matone tu. Mama aliyekosa mwezi, kisha anasikia maumivu makali upande mmoja, anaona kizunguzungu ama anaanguka, mlete upesi sana, hata usiku. Dawa yake ni operesheni.

6. «MIMBA YA MGONGO»

Tumesikia maneno haya mara nyingi. Mama anakosa damu yake miezi mingi, tumbo halikui, na wengine wanamwambia: «Ile mimba yako imepanda mu mugongo. Kunywa dawa, itashuka.» Mama anangoja mwaka, ama miaka miwili.

Sasa wewe umejua jinsi nyumba ilivyojengwa. Kizazi hakina njia ya kwenda mgongoni. Mtoto hawezi kutoka kizazini akalale kwenye uti wa mgongo, kisha arudi. Damu inaweza kukosekana sababu unanyonyesha, sababu umekonda sana, sababu ya sindano ya kupanga uzazi, sababu umri umefika, ama sababu ya ugonjwa. Pengine mimba ilikufa mapema. Kila sababu ina kipimo chake. Usingoje mgongo. Njoo.

7. KOSA NI LA NANI?

Miaka inapita, mtoto haji. Mama mkwe anasema bibi ni tasa. Lakini ili mtoto apatikane tunahitaji watu wawili. Mara nyingi mirija ya mama imezibwa na kisonono ama klamidia, magonjwa yanayoweza kukaa ndani bila maumivu, na ambayo pengine aliletewa. Mara nyingi pia ni mbegu za mume zilizo chache ama dhaifu, hata kama mwanaume ana nguvu zake zote. Kwa hiyo mje wawili. Kupima mbegu za mume ni kazi rahisi kuliko kumpasua mama. Na mkipewa dawa ya kisonono, mmeze wote wawili, sababu akimeza mmoja tu, ugonjwa unarudi.

Na yule anayezaa wasichana tu? Yai la mama ni la namna moja. Mbegu za mume ni za namna mbili: moja inaleta msichana, nyingine inaleta kijana. Baba naye hachagui. Basi asimfukuze mtu.

8. KISHA KUZAA

Kondo la nyuma likitoka, linaacha kidonda kikubwa ndani ya kizazi. Kizazi kinapashwa kukaza ngumu kama ngumi ili kufunga ile mishipa. Kisipokaza, mama anaweza kuisha damu kwa saa chache. Ndiyo maana mkunga anakupiga sindano na kugusa tumbo lako mara kwa mara. Mpe mtoto titi katika saa ile ya kwanza. Kunyonya kwake kunaamsha kizazi kukaza.

9. NJOO UPESI KAMA UNAONA HAYA

– Damu nyingi kisha kuzaa, ama damu yoyote wakati wa mimba.
– Homa na maji yenye harufu mbaya kisha kuzaa ama kisha mimba kutoka.
– Maumivu makali ya chini ya tumbo.
– Damu kisha kulala na mume, ama damu kwa mama aliyekwisha kukoma mwezi. Pengine ni kansa ya shingo ya kizazi. Mapema inatibika. Munganga anaweza kupaka siki kidogo pale mlangoni na kuangalia. Si operesheni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini mtoto hawezi kulala mgongoni?
2. Jirani yako ana uchungu tangu jana asubuhi. Utamwambia nini mama mkwe wake?
3. Nani utamsomea karatasi hii leo jioni? Na bwana wako, je?