Kwa Nini Mwenye Wasiwasi Huikimbia Tiba

Tuseme kijana wa Mbweni anatia udhu wa Alfajiri. Kila akimaliza, shaka humwambia maji hayakufika kisiginoni. Anarudia, anarudia tena, hadi jua linachomoza na Sala imempita. Watu humwona mcha Mungu kupita kiasi, au huona imani yake ni dhaifu. Kumbe ni mgonjwa: fikra asiyoitaka humvamia, na kurudia udhu humtuliza kwa muda mfupi tu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwishaueleza wasiwasi wa namna hii kuwa ni maradhi ya nafsi.

Mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alichapisha tiba ya ugonjwa huu ambayo hadi leo ndiyo tegemeo. Mgonjwa hukabili kinachomtisha, kisha hujizuia asifanye kile kitendo cha kujituliza. Kijana wetu atatia udhu mara moja, atafunga bomba na kwenda kusali na shaka yake. Kifua kitambana na mikono itamwasha irudi bombani. Akivumilia, siku baada ya siku, shaka hupungua nguvu.

Hapo ndipo baadhi hukwama. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takriban wagonjwa 15 kati ya 100 huiacha tiba hii njiani. Maumivu yake huja leo, nafuu huja baadaye. Kurudia udhu hutuliza papo hapo. Dawa za ugonjwa huu nazo huweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya kufanya kazi sawasawa, ilhali kichefuchefu huanza mapema. Wengine huona haya kuonekana wakiingia hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu, Zanzibar. Na nyumbani, mama akiulizwa kila asubuhi, hujibu kwa huruma, "Udhu wako umetimia, mwanangu." Jibu hilo huulisha ugonjwa.

Kwa hiyo mtaalamu amweleze mgonjwa tangu siku ya kwanza kwamba hofu itapanda kabla ya kushuka, na wapange pamoja hatua ndogo ndogo. Sheikhe anaweza kumkumbusha kanuni ya fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka; lakini aulizwe mara moja, maana kuuliza kila siku nako hugeuka kuwa wasiwasi. Na mgonjwa asipotokea kliniki, apigiwe simu siku hiyohiyo, arudi aanze na hatua iliyo nyepesi zaidi.