Hutapika safarini? Chagua chombo kabla ya kununua tembe

JE, wewe ni miongoni mwa wale wasioweza kusafiri kutoka Kitengela hadi Namanga bila kufungua dirisha na kumeza mate kila baada ya kilomita chache? Ikiwa ndivyo, bila shaka jamaa na marafiki wanapopanga safari ya Zanzibar, au wanapozungumzia zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa, wewe hunyamaza kimya. Unajua kuwa ikiwa barabara ya lami inakulevya, bahari itakufanya nini?

Hofu yako ina msingi. Mtu anayechefuka ndani ya matatu aghalabu huchefuka pia ndani ya meli. Lakini si lazima ubaki nyumbani. Kosa la wengi ni kukimbilia duka la dawa asubuhi ya safari na kununua tembe, ilhali mambo manne yaliyo muhimu zaidi hawakuyafikiria: aina ya chombo, mahali pa kuketi, msimu wa safari na saa ya kuondoka. Ukiyachagua haya vyema, huenda hata tembe usizihitaji.

Kwa nini tunachefuka

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kinachotusaidia kusimama wima bila kuanguka. Kina mifereji mitatu iliyopinda kama nusu duara na kujaa majimaji, pamoja na vijifuko viwili vyenye chembe ndogo ngumu. Kichwa kinapozunguka, kupanda au kushuka, majimaji na chembe hizo husogea na ubongo hupata habari.

Sasa fikiria umeketi ndani ya meli, macho yako yakitazama kiti cha mbele au simu. Macho yanauambia ubongo kuwa umetulia tuli. Sikio linasema unapandishwa na kushushwa. Ubongo unapopata habari mbili zinazopingana, huchanganyikiwa, na matokeo yake ni miayo, jasho baridi, mate mengi, kizunguzungu, kichefuchefu na hatimaye kutapika.

Ndiyo sababu dereva wa matatu ni nadra kuchefuka ingawa abiria wake wanataabika. Yeye anaitazama barabara na anajua kona inakuja kabla gari halijapinda. Na ndiyo sababu watu ambao kiungo hicho cha sikio hakifanyi kazi kabisa hawachefuki hata bahari ikichafuka vipi.

Kwa hivyo, ugonjwa huu si uoga wala udhaifu. Nelson, yule kamanda wa majeshi ya majini ya Uingereza aliyefariki akishinda vita vya Trafalgar mwaka 1805, alisumbuliwa nao katika maisha yake yote ya ubaharia.

Watoto wenye umri kati ya miaka miwili na 12 ndio wanaotaabika zaidi, ilhali wachanga wa chini ya miaka miwili ni nadra kupatwa. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, hasa wakiwa wajawazito au katika siku zao za mwezi. Wenye ugonjwa wa kipandauso pia wamo hatarini zaidi.

Chombo kipi?

Tikisiko baya kuliko yote kwa tumbo la binadamu ni lile la polepole, linalokupandisha na kukushusha mara moja kila baada ya sekunde tano hivi. Chombo kidogo hufuata kila wimbi. Chombo kikubwa na kizito hukata mawimbi madogo bila abiria kuyahisi. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: kadiri chombo kilivyo kikubwa, ndivyo tumbo linavyotulia.

Wasafiri wengi wa Kitengela na Kajiado wanaokwenda Zanzibar kwa njia ya nchi kavu hupitia Namanga na Arusha hadi Dar es Salaam, kisha huvuka bahari kwa boti za kasi. Boti hizi zina matumbo mawili yaliyounganishwa na sakafu moja, na huvuka hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Matumbo hayo mawili huzuia chombo kulala sana upande huu na ule, yaani kwenda mrama kama wasemavyo mabaharia. Hata hivyo, mawimbi yakiwa makubwa, boti hizi hurukaruka kwa ghafla. Faida yake kubwa ni ufupi wa safari: taabu ya saa mbili si sawa na ya usiku kucha.

Ikiwa unakwenda Pemba, kuna meli kubwa za kubeba watu na magari. Ni nzito na hutulia zaidi, lakini safari ni ndefu. Anayetapika kwa urahisi na ambaye mfuko wake unaruhusu anaweza kwenda kwa ndege ndogo. Ifahamike tu kuwa ndege ndogo nayo hutikisika, hasa wakati wa adhuhuri jua linapokuwa kali.

Jahazi na boti ndogo za watalii, kama zile zinazotoka Shimoni kwenda kutazama pomboo na matumbawe ya Kisite-Mpunguti, ndizo ngumu zaidi kwa mtu wa aina yako pindi zinapotoka nje ya maji yaliyokingwa. Ukienda, nenda asubuhi, na usikubali chombo kutia nanga kwa muda mrefu penye mawimbi. Chombo kilichosimama huyumba zaidi kuliko kinachokwenda.

Na zile meli za kitalii za Mombasa je? Huenda ukashangaa kusikia kuwa ndizo zinazokufaa zaidi. Ni kubwa mno, na nyingi zina mapezi ya chuma chini ya maji yanayopunguza mrama. Isitoshe, mwili huzoea bahari baada ya siku mbili au tatu. Abiria wa boti ya saa mbili hashuki akiwa amezoea. Abiria wa meli ya siku kumi huwa na siku saba za raha mbele yake. Iwapo ni mara yako ya kwanza, chagua safari inayotia nanga bandarini mara kwa mara badala ya ile inayokaa siku nyingi katika bahari kuu.

Uketi wapi?

Chombo ni kama bembea ya ubao ambayo watoto hukalia mmoja huku na mwingine kule. Wa mwishoni hurushwa juu; aliye katikati hatikisiki sana. Kwa hivyo epuka omo, yaani sehemu ya mbele, na epuka sitaha za juu. Mahali pema ni katikati ya chombo, chini, karibu na usawa wa maji.

Hapa wengi hupotezewa pesa zao. Katika meli za kitalii, vyumba vya bei ghali vyenye roshani huwa juu, mahali panapoyumba zaidi. Chumba cha bei nafuu kilicho katikati na chini kitakupa usingizi mtamu zaidi. Hata katika boti za kasi, usidhani kuwa tiketi ya bei ya juu inanunua utulivu. Uliza kwanza kiti kiko wapi.

Uketipo, tazama upande chombo kinakoelekea na ukaze macho kwenye upeo, pale mbingu na bahari zinapokutana. Kama kuna sehemu ya wazi yenye hewa safi, mbali na moshi wa injini, simama hapo. Kama hutaoni nje, fumba macho, egemeza kichwa na ulale chali. Usisome gazeti, hata hili, na simu itie mfukoni.

Kanuni hizi hutumika pia nchi kavu. Kutoka Kajiado hadi Namanga ni zaidi ya kilomita 80. Omba kiti cha mbele na utazame barabara. Ukipanda treni ya Mombasa pale Syokimau ujipate umetazama nyuma, mwombe abiria mwenzako kwa hisani mbadilishane.

Msimu na saa

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba, nayo huwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari hutulia zaidi wakati pepo zinapobadilishana, hasa Oktoba na Novemba.

Kwa bahati mbaya, likizo ya shule ya Agosti huangukia katika kusi. Familia iliyo na watoto wanaotapika ingefanya vyema kungojea likizo ya mwisho wa mwaka. Ikiwa ni lazima kusafiri wakati wa kusi, kumbuka kwamba chombo kinachorudi Dar kutoka Unguja huelekea kule upepo unakotoka. Usijidanganye kuwa kwa sababu ulikwenda salama, utarudi vivyo hivyo.

Kuhusu saa, chagua chombo cha asubuhi mapema. Kwa kawaida upepo wa baharini huongezeka kadiri jua linavyopanda.

Chakula na dawa

Usisafiri na tumbo tupu wala tumbo lililojaa. Nyama choma uliyoila njiani na chai nzito ya maziwa vitakusaliti. Kula chakula chepesi kama mkate mkavu, ndizi au uji saa mbili kabla ya safari, na unywe maji kidogo kidogo. Pombe iache kuanzia usiku wa kuamkia safari. Tangawizi ya kutafuna huwasaidia baadhi ya watu na haina madhara kwa wengi, ingawa haina nguvu kama dawa.

Ama dawa, siri yake ni wakati. Tembe huzuia kutapika, lakini ukishaanza kutapika hutoka nayo. Sinarizini, ambayo wengi huijua kwa jina la Stugeron, humezwa saa mbili kabla ya safari. Promethazini, yaani Phenergan, huweza kumezwa usiku wa kuamkia safari au saa moja ama mbili kabla. Plasta ya hayosini, ikipatikana, hubandikwa nyuma ya sikio angalau saa nne kabla, na hufanya kazi kwa muda wa siku tatu.

Dawa hizi zote huweza kuleta usingizi. Aliyezimeza asiendeshe gari na asizichanganye na pombe. Mwenye presha ya macho au tezi ya kibofu iliyovimba asitumie hayosini bila idhini ya daktari. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe promethazini kamwe. Mama mjamzito amwone daktari kwanza. Na zile dawa mpya za mzio zisizoleta usingizi usizinunue kwa kazi hii, hazisaidii.

Jaribu dawa siku moja ukiwa nyumbani ili ujue inavyokulevya. Beba pia pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kwani anayetapika mfululizo hukaukiwa na maji mwilini, hasa mtoto na mzee. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, kwa hivyo chukua mifuko ya karatasi ngumu au mkebe wenye kifuniko.

Mwenye kisukari, kifafa au maradhi mengine ya kumeza dawa kila siku amwulize daktari mapema afanye nini akitapika baada ya kumeza dawa zake. Kurudia kipimo kwa kukisia ni hatari.

Usipande kabisa

Kuna jambo ambalo tembe haiwezi kukukinga nalo. Hapa kwetu hatujasahau feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 29, 1994 na kuua watu 272. Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba; watu zaidi ya 200 walithibitishwa kufa na wengine wengi hawakupatikana. Julai 18, 2012, wakati wa kusi, MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Chombo hicho hapo awali kilitumika Marekani katika maji yaliyokingwa ya eneo la Seattle.

Kwa hivyo ukikuta chombo kimejaa pomoni, au nahodha anabishana na upepo, rudi nyuma hata kama umekwisha kulipa. Nauli hupatikana tena.

Ukirudi nyumbani

Usishtuke ardhi ikionekana kuyumba siku ya kwanza au ya pili. Hali hiyo hupita. Lakini ukitapika ukiwa na homa, au maumivu makali ya kichwa, kuanzia wiki moja hadi miezi kadhaa baada ya kutoka pwani, usiseme ni uchovu wa safari. Malaria si ugonjwa wa kila siku Kitengela na Kajiado, na mhudumu huenda asiifikirie. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mwambie ulikotoka na uombe upimwe damu.

Basi msomaji, jamaa watakapoanza tena kupanga safari, usinyamaze. Waulize: chombo gani, mwezi gani, saa ngapi, na kiti changu ni kipi? Tembe ziwe kibindoni, kwani hamadi ni iliyo kibindoni, lakini ziwe za mwisho katika orodha yako.