Joto la Kompyuta ya Michezo Katika Nyumba za Kilosa na Mikumi

Mchana wa Januari mjini Kilosa, chini ya paa la bati lisilo na dari, hewa ya chumbani huweza kufika nyuzi 34 za Sentigredi. Kijana mwenye kompyuta mpakato ya michezo, ya ile aina ya bei nafuu ambayo mara nyingi imekwisha kutumiwa na mtu mwingine ng'ambo, hutambua upesi kwamba mashine yake ni hodari alfajiri na goigoi adhuhuri. Mchezo uliokuwa ukienda kwa ulaini huanza kukwamakwama, feni hulia kwa sauti kali, na vibonye huchoma vidole. Lawama humwangukia muuzaji, au virusi. Aghalabu wote wawili hawana hatia.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana kwa wazee wanaodhani kwamba mashine ya michezo ni ya michezo tu. Katika wilaya hii ambako fedha ya nyumba nyingi hutoka katika mahindi, ufuta au miwa inayouzwa kiwandani, kompyuta ya namna hiyo ni akiba ya zaidi ya msimu mmoja. Ndiyo pia inayohariri picha za harusi, inayochora ramani za nyumba na inayofundishia programu. Ikifa, hakuna ya pili.

Umeme unaoingia katika kompyuta karibu wote huishia kuwa joto; mwanga wa kioo na sauti ni sehemu ndogo mno. Katika mashine nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa tangu mwaka 2019 mna prosesa ya Intel Core i5-9300H, ambayo watengenezaji wameikadiria joto la wati 45, na prosesa ya picha ya GeForce GTX 1650 iliyokadiriwa wati 50. Jumla ni wati 95. Mtu aliyeketi kitako hutoa joto la wati 100 hivi, lakini yeye hulitoa kwa ngozi ya mwili mzima. Kompyuta hulitoa katika vijisahani viwili vya silikoni ambavyo vikiwekwa pamoja havizidi ukubwa wa stempu ya barua.

Njia ya joto hilo kutoka nje inastahili kujulikana, kwa maana ndipo matatizo yanapojificha. Juu ya silikoni hupakwa ute maalumu unaojaza vijinafasi vya hewa, na juu yake hulala mrija bapa wa shaba. Mrija huo hauko mtupu: ndani yake mna maji machache katika hewa iliyopunguzwa sana. Upande wa moto maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hapo huwa maji tena na kurudi kwa kunyonywa na utambi. Ufundi huu uliendelezwa na George Grover huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Mwisho wa mrija yamo mapezi membamba ya chuma, na feni hupuliza hewa katikati yake. Dereva wa lori anayepumzika Mikumi kabla ya kuupanda mlima Kitonga angeielewa mara moja: ni rejeta.

Kiasi cha hewa kinachohitajika mwanafunzi anaweza kukikokotoa. Kilo 1 ya hewa huhitaji jouli 1,000 hivi ili joto lake lipande nyuzi 1. Ikiwa hewa itoke ikiwa imepanda nyuzi 20, wati 95 zitadai karibu gramu 5 za hewa kila sekunde, yaani lita 4 na zaidi. Nyaya na tundu za mashine nyembamba hazina nafasi ya kuchezea.

Sasa hesabu yenyewe. Joto husafiri kwa sababu ya tofauti, si kwa sababu ya ukali wa kitu cha moto peke yake. Chukulia prosesa inayofanya kazi kwa nyuzi 90 katika chumba chenye nyuzi 24. Tofauti ni nyuzi 66. Ichukue mashine hiyohiyo, kwa kazi ileile na feni ileile, uipeleke katika chumba cha nyuzi 34: tofauti itabaki nyuzi 66, na prosesa itafika nyuzi 100. Prosesa nyingi za aina hii zimewekewa mpaka hapohapo. Zikiufikia hujipunguzia mwendo zenyewe, ghafla na bila kumwuliza mtu, na huko ndiko kukwamakwama kunakotoka.

Je, nyuzi 10 za Kilosa zaweza kurudishwa? Ili prosesa ibaki kwenye nyuzi 90, tofauti iwe nyuzi 56, na kwa hiyo joto litakalozalishwa liwe asilimia 85 tu ya lile la awali. Wengi hudhani kwamba hapo mwendo nao utashuka kwa asilimia 15. Sivyo. Nguvu inayotumiwa na transista hufuata mapigo ya prosesa kuzidisha kipeo cha pili cha volteji. Na mapigo yakipunguzwa, volteji nayo yaweza kushushwa. Vyote viwili vikiteremka kwa asilimia 5, zidisha 0.95 mara tatu: jibu ni karibu 0.86. Kwa makadirio, basi, asilimia 5 ya mwendo hununua takribani joto lote lililoongezwa na jua la Januari. Mpangilio wa nishati uliomo katika programu ya mashine hutosha kuanzia, na kuuwekea mchezo kikomo cha picha 60 au 40 kwa sekunde husaidia zaidi. Hili halina gharama, na ni ajabu kwamba ndilo linalojaribiwa mwisho, baada ya vijana kununua vibao vyenye feni vya kuwekea kompyuta.

Vibao hivyo si bure kabisa, ila visisifiwe kupita kiasi. Feni ya mezani humburudisha mtu kwa kuwa mtu hutoka jasho. Kompyuta haitoki jasho, na hewa ya nyuzi 34 ikipulizwa hubaki ya nyuzi 34. Vipande viwili vya mbao chini ya upande wa nyuma, ili tundu za chini zipumue, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Godoro na mto huziba tundu hizo. Barafu na kitambaa chenye maji visikaribie, kwa kuwa umande utajikusanya mahali pa umeme.

Vumbi la kiangazi, lile la Juni hadi Oktoba, hujisokota kati ya feni na mapezi hata likawa kama kipande cha blanketi. Fundi huliondoa kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na betri imetenganishwa, feni ikishikwa isizunguke. Ute wa kale uliokauka hubadilishwa wakati huohuo.

Iliyobaki ni betri. Betri ya lithiamu huzeeka upesi ikikaa imejaa na huku ina joto, hali ambayo mchezaji wa mchana huiumba kila siku. Mashine nyingi huruhusu kuchajiwa hadi asilimia 80 tu. Ikiwa mfuniko wa chini umebenuka au kibao cha kipanya kimeinuka, betri imevimba: mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, isibonyezwe wala kutobolewa, na ipelekwe kwa fundi ikiwa mbali na moto.